Ndoo ya Mama Kanisia

Uso bado unaniwaka ninapoandika haya. Mimi ni mtaalamu wa maabara ya mifugo hapa Songea. Tulikuwa tunapima mafuta yaliyomo katika damu ya nguruwe weupe wa kisasa na weusi wa kienyeji, tujue kama tofauti yao ni ya kurithi. Kabla ya kutolewa damu, wote walipaswa kulala na kuamka bila kula.

Kwa Mama Kanisia wa Ruhuwiko, weupe walikuwa salama, lakini mafuta ya weusi yalitisha. Nikatangaza mbele ya bosi na majirani kwamba wamerithi kwa dume aliyewazaa, kwa hiyo dume ahasiwe leo leo. Mama akashika nguzo ya banda.

Bosi akaniuliza, "Una hakika hawakula asubuhi ile ya kutolewa damu?"

"Asilimia mia!" nikajibu, kifua mbele.

Mama akanigeukia. "Mwanangu, si ulinikuta na ndoo ya machicha ya pombe, ukasema, 'Shikamoo mama, huwezi kubeba mzigo na mimi nipo'?"

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Ukawamwagia weusi mwenyewe. Ukarudi kuniomba na ya weupe, nikakwambia yameisha."