Fundi mwenye kukunja mikono

Fundi wa ordinatere, ni kusema kompyuta, wa Nyawera mu Bukavu, iko na mikono kubwa, lakini anashikaka barete ya memware, kale kabao kenye mashini inakumbukiaka, na vidole mbili, sawa mutu mwenye kutosha mwiba ku muguu ya mutoto. Anaisugua na gomu ya kufutia kreyo, anaipuliza, anairudisha, anawasha mashini, kisha anakunja mikono na kungoya. Haguse kitu. Emmanuella, mwenye mashini, anaangalia kioo yake pamoja naye: kesho asubui anapaswa kutetea kazi yake ya iniversite, na tangu fundi alimuongezeya memware juu makarte zake, ramani za ile kazi, zifunguke, mashini inazimikaka kila dakika kumi.

Inazimika tena.

"Maman, hiyo ni courant, umeme tu," muuzaji wa mashaja wa pembeni anasema. "Courant ya Bukavu haina haya."

Mafundi wengine wangeitika, juu courant inabebaka makosa ya kila mutu. Huyu anatikisa kichwa.

"Hapana, ni mimi. Nilifungisha ndoa barete mbili zenye haziskilizane, na sikuzijaribu."

Anafungua ordinatere yake mwenyewe, anatosha barete yake, anaiweka mu ya Emmanuella pa nafasi ya ile mupya, anakunja mikono. Dakika makumi mbili zinapita, na makarte zingali wazi.

"Enda utetee, maman," anasema, na anafunika ordinatere yake yenye haitawaka leo.