Nafasi mbele ya jina la Nyangeta

Hapana jamani. Naandika nafuta, naandika nafuta tangu asubuhi. Akili inakataa kabisa.

Nyangeta wetu wa Bugwema, rafiki yangu tangu usichana, tumemzika jana.

Viva yake ilikuwa mwezi ujao. Mwezi ujao tu! Alibakiza kusimama mbele ya maprofesa atetee thesis yake ya PhD ya fizikia ya tiba, ile elimu ya kupima mionzi inayotibu saratani. Alikuja kwangu hapa Iringo apumzike kidogo kabla ya siku yenyewe, presha ikamwangusha bafuni.

Ee Mungu, si ungesubiri kidogo.

Kwa msiomjua: tulikutana sekondari hapa Musoma, miaka ile ya shida, kipande cha sabuni mnagawana watu wanne na sukari mnaisikia kwa watu. Pampu ya shule haina dizeli, basi wasichana wote ndoo kichwani, ziwani. Nyangeta miguuni katambuga za tairi, mdomo haufungi. Alikuwaga anabishana na mwalimu mpaka kengele inalia, halafu anaendelea kubishana na mimi njiani.

Mwaka huo mama yake akaota uvimbe kwenye titi. Hospitali wakasema dawa yake ni mionzi, na mionzi iko Dar peke yake.

Nilikuwepo Bunda siku ile. Tulimlaza mama kwenye kibaraza cha duka lisilo na bidhaa, khanga chini, tunasubiri gari la Mwanza akapande treni. Gari halikuja. Mafuta hakuna. Kesho yake pia hakuna.

Mama akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Nyangeta, wewe ndiye msomi wetu. Hiyo mionzi ni ya kunywa au ya kupaka?"

Nyangeta yule wa maneno mengi akajibu kwa machache tu. "Sijui, mama. Nitaenda kujua."

Tukamrudisha Bugwema kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mtama wa mwaka ule ulivunwa mama hayupo.

Ikaja ruksa ya biashara, maduka yakajaa, mitumba mpaka barabarani. Nyangeta akapata digrii, akapata masters, akapata na nafasi ya PhD nje ya nchi. Baba yake akafariki wakati huo huo, na shule ndio zimeanza kuchangiwa. Akaiacha nafasi, akabaki kumsomesha mdogo wake, Bwire.

Nilimwambia una wazimu wewe. Akanijibu, "PhD haili ugali. Bwire anakula."

Miaka ikaenda. Wenzake wanaongelea kustaafu, yeye huyo anaomba PhD upya! Nikamwambia, "Bibi mzima, utakaa darasani na wajukuu?" Akacheka kile kicheko chake cha kama anakohoa. Nakitafuta kile kicheko humu ndani tangu juzi.

Niliwahi kumtembelea kazini, chumba cha mionzi hospitalini. Nikamkuta kajaza tanki la maji chini ya mashine. "Maji ni kama mwili wa mtu, shoga yangu. Napima kwenye maji kwanza. Dose ikikaa sawa, ndio mgonjwa alale hapo."

Nikamwambia, wewe tangu shule umerogwa kuteka maji. Alicheka mpaka wenzake wakaja kuchungulia.

Kitu kimoja tu alikuwaga hataki masihara nacho: kuitwa Dokta. Krismasi akifika Bugwema shangazi zake wanapiga vigelegele, "Dokta kaja!" Anakuwaga mkali hapo hapo. "Bado! Kipimo ambacho hujakisoma hukiandiki. Mkiniita leo, nikishaipata mtaniitaje?"

Jumamosi iliyopita tumemaliza kula sato wetu, akataka tufanye mazoezi ya viva. "Wewe ni examiner. Niulize."

Mimi mwalimu mstaafu wa darasa la tatu, nitamuuliza nini mimi? Nikamuuliza, "Hiyo mionzi ni ya kunywa au ya kupaka?"

Alicheka. Halafu akalia. Halafu akajibu taratibu, na wala hakuwa ananiangalia mimi.

"Si ya kunywa wala ya kupaka, mama. Unalala tu. Haina harufu, na pale unapolala haiumi. Sisi tunatoka chumbani, unabaki peke yako kidogo. Lakini usiogope. Tuko nje ya mlango, tunakuona."

Nikamwambia, "Umefaulu."

Sasa jana. Bwire alikuwa keshamwambia fundi aandike "Dkt." kwenye msalaba. Analia kama mtoto, "Dada aliiacha kwa ajili yangu, leo nimnyime hata hilo?" Jamani, moyo uliniuma. Lakini nikamkumbusha dada yake alivyokuwaga kwa neno hilo, akainama.

Supervisor wake amepiga simu. Thesis itasomwa hivyo hivyo, wataangalia taratibu zinasemaje. Hakuahidi kitu.

Basi tumemwambia fundi aanze jina lake kulia kidogo. Mbele yake pamebaki rangi nyeupe tupu. Watu makaburini walikuwa wananong'ona kwamba fundi kakosea vipimo.

Nyangeta, shoga yangu. Wewe uliyekuwaga hupati usingizi mpaka uongee na mtu, jana tumekuacha Bugwema peke yako, pembeni ya mama. Nilishindwa kuondoka, wakanishika mkono.

Mpe jibu lake. Amelisubiri sana.

Na wewe lala salama, usiogope. Sisi tumetoka chumbani tu. Tuko nje ya mlango hapa.