Kahawa ya Kwao Wifi

Mama yangu hakuwa anakwenda kwenye mwani kabla hajanywa kahawa, na kahawa hiyo nilikuwa naipika mimi. Hilo ndilo nililokuwa nalo. Shahada nilikuwa nayo pia, lakini kisiwani kwetu Juani hakuna aliyeniomba shahada, ilhali kahawa iliombwa kila maji yalipoanza kupwa. Nilizikaanga buni mpaka ziwe nyeusi, nikazitwanga na tangawizi, nikachemsha kwenye dele mpaka harufu ifike kwa jirani, kisha nikammiminia mama kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono. Aliinywa amesimama, kamba za mwani begani, akasema, "Haya, sasa naona." Akaenda zake.

Halafu kaka yangu akaoa. Kaka ni dereva wa boti ya hifadhi ya bahari, na mke alimpata Songea alikokwenda kusomea ufundi wa injini. Wifi yangu ni mtu wa Mbinga, milimani, na mama yake analima kahawa. Alishuka na begi moja la nguo, na mkononi pakiti za kahawa zimefungwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga.

Wiki ile ile akaomba jiko. Hakuchemsha kahawa hata kidogo. Alichemsha maji, akayaacha yatulie, akayamwaga polepole juu ya unga uliokuwa kwenye chujio la kitambaa. Kilichotoka kilikuwa chekundu kama chai ya rangi. Akakijaza kwenye kikombe cha bati chenye maua, kile kikubwa cha chai, mpaka juu.

"Unamnywesha mama maji ya kusuuzia dele," nilisema.

"Onja kwanza, wifi."

"Sijaugua."

Mama akanywa. Kisha akakaa chini. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona mama akinywa kahawa amekaa.

"Ina utamu kama wa tunda, na sukari sijatia," akasema. "Mwanangu, hii mnaitoa wapi?"

Nilifungua mdomo nijibu, nikidhani ananiuliza mimi.

Tangu siku ile dele langu likawa linakaa kwenye msumari. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni, nikitafuta kasoro.

Kwenye pakiti palikuwa na picha ya mwanamke anacheka, na maneno kwamba kahawa hii imelimwa na wanawake. Miaka ya chuo ilinifundisha kutoamini pakiti. Wanawake gani? Nani kawaona? Nyuma kulikuwa na kimraba cheusi cha kuskani. Nikatoka mpaka mahali mtandao unaposhika, nikakiskani. Ukafunguka ukurasa wenye jina la kijiji na picha ya kikundi cha akina mama: wanavyochuma zilizoiva tu, wanavyozitia kwenye maji na kutupa zinazoelea, wanavyozianika kwenye vichanja. Halafu mashine ya kukoboa, halafu mkaangaji wa Dar. Kila hatua ilikuwa na mtu wake.

Nilipovuka kwenda Kilindoni nikamuuliza mwenye duka, yule ambaye babu yake ndiye aliyemuuzia bibi yangu buni, hizi zake za gunia zinatoka wapi.

"Dar," akasema.

"Na kabla ya Dar?"

"Binti, unanunua au unaandika gazeti?"

Nilirudi na wivu umeongezeka. Kahawa ya mwenzangu ilikuwa na ukoo. Yangu haikuwa hata na mama. Nikawaza na mwani wa mama yangu, unaofungwa kwa vidole vyake mpaka vinachubuka. Ukishaingia kwenye gunia, huko unakokwenda nani anamjua? Hakuna aliyempiga picha akicheka.

Nikamwekea wifi simu mbele ya macho. "Mama yako ni yupi hapa?"

"Huyu wa nyuma, aliyezibwa nusu na kikapu."

"Huyo anaweza kuwa mama wa mtu yeyote."

"Ndiye."

"Na nani kasema kahawa ya pakiti hii ni yake? Si wanazimwaga pamoja?"

"Wanazimwaga pamoja. Sijasema ni ya mama, nimesema ni ya kwetu."

"Kwenu ni hapa sasa."

Nililisema ili limchome. Akanitazama, akabonyeza namba, akanipa simu yake. "Muulize mwenyewe, mimi nakwenda kisimani. Wewe wifi, hata kaburini utawauliza malaika vitambulisho."

Mama yake akapokea. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikajitambulisha, nikauliza maswali yangu. Alijibu bila kuona ajabu.

"Ndoo yangu ikishamwagwa na za wenzangu, hata mimi siwezi kuijua. Ninachojua ni kwamba mbichi sikuchuma." Kisha akauliza, "Kwani huko anaipika yeye mwenyewe?"

"Kila asubuhi."

"Huyo? Hapa alikuwa hataki hata kuinusa. Mtu wa chai huyo. Miaka yote hii sijapata kikombe kimoja kutoka mkononi mwake." Nikasikia kuku upande wake, na mtu akikohoa. "Mama yako anamwitaje?"

Nilitafuta uongo, haukuja kwa wakati.

"Anamwita mwanangu."

"Ehe," akasema.

Ile ehe niliijua. Ilikuwa yangu, ya kila asubuhi pale mlangoni. Nilikuwa nimeifuata kahawa mpaka mlimani nikitafuta udanganyifu, na huko juu nikajikuta mwenyewe.

"Nitumie picha akiwa anapika," akasema kwa sauti ya chini. "Usimwambie nimekuomba."

Kesho yake nikaipiga hiyo picha. Ilitoka nzuri kuliko nilivyotaka: wifi ameinamia chujio, mvuke unampanda usoni, kile kikombe cha maua mbele yake, na mkono wa mama yangu begani kwake. Niliutazama ule mkono muda mrefu. Kisha nikaukata kwenye picha. Nikabakiza wifi na kikombe, nikatuma. Sijui mpaka leo niliukata kwa ajili ya yule mama au kwa ajili yangu.

Jibu likaja upesi: "Amenenepa. Kikombe kikubwa hivyo ni cha nani?"

Nikaandika, "Changu."

Asubuhi iliyofuata nilimnyooshea wifi kikombe changu kidogo. Akamimina. Mama alikuwa amekaa na kile cha maua, kamba zake chini.

"Leo umeugua?" akaniuliza.

"Naikagua tu."

Ilikuwa nzuri. Niliimaliza nimesimama, nikaomba nyingine ya kukagulia.