Siku Tuliyokaribishwa Kwenye Jumuiya

Tangu nchi yangu ikubaliwe kuingia katika jumuiya ya nchi za Afrika Mashariki, nimekosa raha kazini. Natunza wazee katika nyumba moja huku Maryland, na wenzangu wengi ni Wakenya. Sijavua hata koti, tayari kuna mtu ananiuliza, "Sasa nyinyi Wakongo mnaonaje?" Utadhani Wakongo tulikaa kikao, tukapiga kura, nikatumwa mimi nilete majibu. Wakongo ninaoishi nao pale Bladensburg ni wawili tu, mama yangu na kaka yangu, na hao hawajawahi kukubaliana hata kuhusu chumvi ya maharage.

Kaka anaitaka jumuiya. Huku anaendesha lori la kupeleka vyakula madukani, na ndoto yake ni siku moja awe na lori lake mwenyewe, libebe mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Uvira bila kuzungushwa mpakani. Mama haitaki hata kuisikia. Nyumba yetu ya Uvira ilichomwa na watu wenye bunduki, na mama anaamini mpaka leo kwamba walitoka nchi jirani. "Bale batu balipita pale pale kwenye frontière," husema, "na leo munataka ifunguliwe zaidi?" Kaka humjibu kwamba mpaka ulikuwa umefungwa siku hiyo na bado walipita. Hayo ndiyo ninayonywea chai kila Jumapili.

Basi nesi mmoja wa kazini, mwanamke wa Meru mwenye roho nzuri, akanijia na habari kwamba kanisa lao kule Annandale linaandaa sherehe ya jumuiya. Kila nchi ingekuwa na meza yake, na meza ya Kongo haikuwa na mtu.

"Mlete mama aseme mawili matatu," akaniambia. "Nimesha-confirm na MC."

"Mama haipendi hiyo jumuiya."

"Akuje tu. Akiona vile watu wamejipanga, ataipenda."

Ningekataa, lakini huyu ndiye anayenishikia zamu mama akiugua. Nikakubali huku nimekasirika.

Siku ilipofika mama alivaa kitenge chake kizuri kuliko vyote, nami nikapata matumaini. Tulipofika ukumbini tukaonyeshwa meza yetu. Ilikuwa na maua, chupa za maji, na bendera ndogo ya kijani, njano na nyekundu. Kaka aliitazama, akamwita kijana aliyekuwa anapanga viti.

"Hii si yetu," akasema. "Hii ni ya Kongo ile nyingine, ya ng'ambo ya mto."

"Si ni Congo tu?" yule kijana akauliza, bila ubaya wowote.

Kaka, ambaye njia nzima alikuwa akitusifia jumuiya, aliikunja ile bendera akaiweka chini ya meza, akakaa, mikono ameikunja kifuani. Mama alimtazama kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha.

Hotuba zilikuwa ndefu. Mtanzania mmoja alisifu lugha yetu sote, akasema Kiswahili cha Kongo nacho kitanyooka taratibu. Watu wakacheka kwa upendo. Mimi nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, nachekwa vicheko hivyo tangu utotoni, na vimenichosha. Kisha MC akamkaribisha mama yetu kutoka Kongo. Mama akasimama, akashika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Nawasalimia bote," akasema. "Mimi niko na swali moja tu. Bale balichoma nyumba yangu, siku bakirudi, jumuiya itabaambia nini?"

MC alitabasamu. "Asante sana mama. Hiyo swali ni nzito, na tutaiweka kwa maombi. Sasa, chakula iko tayari."

Wakampigia makofi. Nesi wetu akaja na sahani ya pilau, akamkumbatia mama. "Mama, tuko pamoja."

"Pamoja wapi?" mama akamuuliza, na alikuwa anauliza kweli. Nesi akaongeza nyama kwenye sahani.

Tulirudi kwa gari langu, na foleni ya kuvuka daraja la Potomac haikuwa inasogea. Kaka akaanza. Kwamba mama ametuaibisha. Mama akasema aliyeaibisha ni yule aliyeficha bendera kama mwizi. Kaka akasema biashara ndiyo italeta amani. Mama akasema biashara ndiyo iliyoleta bunduki. Nilizima redio, nikawaambia wanyamaze, nikasema kwamba miaka yote hii watu wote wananiuliza Wakongo wanaonaje, na hakuna hata mmoja, wao wakiwemo, aliyewahi kuniuliza mimi ninaonaje.

Mama akasema kwa upole, "Basi sema, mwanangu."

Nikasema. Kwamba malori siyajali, na kwamba siamini jumuiya itamzuia mtu mwenye bunduki. Lakini nakumbuka kambini mama alivyokuwa akiomba kibali cha kwenda sokoni, na alivyorudishwa njiani kama mtoto mtoro. Nataka safari nyingine tukikimbia tuvuke ziwa kama watu wa humo humo, tupange chumba Kigoma, tusiitwe wakimbizi.

"Safari nyingine?" mama akasema. "Unatutakia tukimbie tena?"

"Yaani wewe umeshaizika nchi," kaka akasema.

"Sijaizika. Nimesema ikitokea."

"Mutu mwenye kupenda kwabo hapangi kukimbia," mama akasema, na kaka akaitikia, "Kabisa, mama." Sijui ni lini mara ya mwisho alimwambia mama neno hilo. Wakaendelea hivyo mpaka nyumbani, mmoja anaanza sentensi na mwingine anaimalizia, kwamba kambi iliniharibu, kwamba nilitoka Kongo nikiwa mdogo mno kuijua. Nilipoegesha gari waliingia ndani pamoja. Niliwasikia jikoni wakichemsha chai, bado wananijadili.

Jumatatu nesi alinikuta nikibadilisha mashuka. Akaniuliza kama wa nyumbani walifurahia sherehe, na kama sasa wanaelewana kuhusu jumuiya.

"Wanaelewana," nikamwambia, nikamwomba anishikie upande ule wa shuka.