Goti Langu na Kichwa cha Ndugu Yangu

Mdogo wangu alikuwa fundi wa mawe, mtu mpole, asiyependa maneno mengi. Jumamosi tulishinda kanisani, na Jumapili tuliichezea timu ya soko letu, upande wa Birongo. Mimi nilikuwa golikipa, yeye beki wa kati. Mpira wa juu ulipokuja hakuukwepa. Aliupiga kichwa mpaka mimi niliyekuwa langoni nikasikia mlio wake, na watu walimshangilia. Hata mimi nilijivunia.

Siku moja tulicheza Nyamira, uwanja umelowa. Kona ilipopigwa nilitoka kuudaka mpira, nikapaza sauti, "Wangu!" Nadhani alisikia akiwa tayari hewani. Goti langu lilimpata juu ya sikio. Alianguka bila hata kutanguliza mikono.

Tulimmwagia maji, akaketi. Kocha akamwonyesha vidole. "Hivi ni vingapi?"

"Viwili."

Vilikuwa vitatu. Kocha akacheka, na sisi tukacheka, kisha mdogo wangu akarudi kucheza. Tulipokuwa tukirejea nyumbani aliniuliza mara nne mechi imeishaje. Mara ya nne nikamwambia aache mzaha. Akainama kando ya njia, akatapika.

Wiki ile yote kichwa kilimuuma. Alimeza dawa za maumivu na kwenda kazini hivyo hivyo. Mama hakupendezwa. "Mwacheni apumzike," alisema. "Mtu ametapika, mpira wa nini?"

Nikamjibu, "Mama, hajavunjika popote."

Ni mimi niliyemwambia hivyo.

Jumapili iliyofuata tulikuwa Kisii. Aliupiga kichwa mpira mmoja tu, wa kawaida, wala hakuna mtu aliyemgusa. Akatembea hatua chache kama anayetafuta kitu alichoangusha, magoti yakalegea, na mwili wote ukaanza kutetemeka.

Hospitalini daktari, mwanamke wa makamo, alituuliza kama aligongwa kichwa siku za karibuni. Mama alinitazama.

"Wiki iliyopita," nikasema.

"Na mkamrudisha uwanjani?"

"Ndiyo, daktari."

Hakunigombeza. Alieleza polepole kwamba ubongo ukitikiswa unahitaji kupumzishwa kama mfupa uliovunjika, ila haufungwi plasta ambayo watu wataiona wamhurumie mgonjwa. Ukigongwa tena kabla haujapona, hata pigo dogo linaweza kumharibu mtu. Nilitamani anigombeze.

Ndugu yangu hakufa. Alilazwa wiki nyingi, akajifunza upya kushika kijiko, na baadaye akajaribu kurudi kwenye ujenzi. Ukuta wa kwanza aliojenga ulipinda. Mwenye nyumba alimwambia kwa upole akapumzike kidogo, naye akaitupa timazi yake ya kupimia ukuta shambani, akaja nyumbani analia. Hakujenga tena. Mvua ikinyesha juu ya mabati, yeye huziba masikio na kupiga kelele kuliko mvua yenyewe. Siku moja aliipiga teke sufuria ya ugali ikiwa motoni, mama akaungua mkono. Kesho yake alimuuliza mama mkono umefanya nini. Kanisani huketi nje, kwa sababu kwaya inamuumiza kichwa.

Siku hizi tunachuma majani chai pamoja. Mikono yake bado ni mizuri, ila mara nyingine husimama katikati ya mistari akasahau anakoelekea, nikamwita.

Huko shambani ndiko anakoniuliza. "Ni nani alinigonga?"

Mara ya kwanza nilimwambia ukweli: "Ni mimi. Lilikuwa goti langu." Aliketi chini, akasema, "Wewe?" Siku ile hakula. Baada ya siku chache akauliza tena, nikamjibu tena, na uso wake ukasawijika vile vile, kama asiyewahi kusikia. Sijui ni mara ngapi nimemuumiza hivyo.

Wiki iliyopita aliuliza, nikashindwa. Nikamwambia ni mchezaji wa timu ile nyingine.

"Alikuja kuniona hospitalini?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa, akaendelea kuchuma. Siku ile alikula vizuri, na mimi sijamwambia mama nilichosema.