Ndevu Zilizovuka Mpaka

Asubuhi mume wangu akinyoa huwa anagonga mashine ya wembe kwenye ukingo wa beseni kuondoa povu, to, to, to. Hata niwe nimelala fofofo, sauti hiyo inaniamsha, na kabla sijafumbua macho nanusa sabuni ya baba yangu. Mume wangu hatumii sabuni ile. Sidhani hata kama bado inauzwa. Lakini pua yangu haitaki kusikia hayo. Inanirudisha Gisenyi, kwenye ua wetu mdogo wenye ukuta wa mawe meusi ya volkano, ambako baba alipigana na uso wake mwenyewe kila asubuhi ya Mungu.

Nasema alipigana, na siongezi chumvi. Baba alikuwa mtunza hesabu katika duka la mabati na misumari kule Goma, nasi tulikaa upande huu, kama watu wengi waliozaliwa Kongo wakarudi Rwanda, mguu mmoja huku na mwingine kule. Alivuka mpaka kwa miguu asubuhi na kurudi jioni. Na kabla ya kuvuka ilikuwa lazima anyoe, tena si kunyoa kwa juu juu. Shida ni kwamba Mungu alimpa ndevu ngumu zenye kujipinda, kisha akamwekea ngozi ya mtoto mchanga. Kila unywele uliokatwa ulijikunja ukarudi ndani ya nyama badala ya kutoka nje, ukavimba, ukawa kipele. Kesho yake wembe ukapita juu ya kile kipele. Mengine unaelewa mwenyewe.

Nilikuwa nakaa kwenye kizingiti cha jiko na kikombe changu cha chai, nikimtazama. Kwanza alijifunika uso kwa taulo ya moto, akaguna ndani yake. Kisha ikaja brashi, na povu, na ile harufu. Wembe ulipofika shingoni alifumba jicho moja akavuta hewa kwa meno, ssss, nami nikavuta pamoja naye. Mwisho alichana karatasi ya msalani vipande vidogo, akavibandika kila penye damu, akavaa shati jeupe. Asilimia kubwa ya vile vipande alivisahau palepale. Alishuka barabara kuelekea mpakani na vikaratasi vyake usoni, akisalimia watu kwa heshima zote, na watu walijifunza kumwitikia bila kucheka. Jioni mama aliloweka kola kwenye maji ya chumvi, akiisugua na kusema peke yake.

Dawa? Kila mtu alikuwa na ya kwake. Jirani yetu aliyeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alisema limau, baba akajaribu, na mlio alioutoa ulisikika mpaka barabarani. Mwenzake wa kwaya alimletea siagi ya ng'ombe kutoka Mudende. Ngozi ilitulia kidogo lakini nzi walimfuata hadi kazini. Alijaribu jiwe la shabu. Alijaribu spiriti, mara moja tu. Jumamosi moja mama alitupeleka sote kwenye chemchemi za maji ya moto kule kando ya ziwa, ambako watu huenda kukanda mifupa. Baba alinyoa akiwa amezama hadi kiunoni, mama akimshikia kioo, na wazee waliokuwa wakikanda magoti wakamwelekeza namna ya kuushika wembe, kila mzee na namna yake, mpaka wakaanza kugombana wao kwa wao. Siku ile tulicheka sana. Jumatatu vipele vilirudi vyote, na ndugu zao.

Mama alikuwa na dawa moja tu, na aliirudia kila alipofua.

"Papa Neema, achana na huo wembe. Ndevu iko na kosa gani?"

"Karte iko na picha," baba alijibu. "Bakiangalia picha, baone mutu wa picha."

Alimaanisha kitambulisho chake. Kilipigwa picha muda mfupi baada ya wao kurudi Rwanda, baba akiwa kijana, shavu laini kama yai lililomenywa. Kila siku kadi ile ilichukuliwa dirishani, ikaangaliwa, naye akaangaliwa.

Mimi, kwa akili zangu za mtoto wa darasa la tatu, nikapata jibu langu: ndevu zimekatazwa kuvuka mpaka. Ni sheria, kama vile kuvuka na ng'ombe bila kibali. Tangu hapo nilikuwa nawahurumia wanaume wenye ndevu niliowaona sokoni, maskini, wamefungiwa upande mmoja wa dunia. Nilimhurumia zaidi baba mkubwa, kaka yake baba, aliyeishi Goma. Alikuwa na ndevu nyingi, isipokuwa mstari mmoja kidevuni, kama njia ya siafu, ambapo hapakuota kitu. Nilidhani alizaliwa nao. Na kwa kuwa hakuwahi hata siku moja kuja kwetu, sisi ndio tulimwendea, nikajua sababu: ndevu hazikumruhusu.

Sasa ikawa likizo moja ya shule, uso wa baba ukachoka. Kipele kimoja chini ya taya kikawa jipu, jipu likaita mengine, mpaka akashindwa kufungua mdomo kula. Muuguzi wa kituo cha afya, mama mnene mwenye miwani, alimkamata kidevu akamgeuza huku na huku.

"Papa, ukigusa huu uso na wembe mbele haijapona, usirudi kwangu. Mi nitakufukuza."

Kwa bahati nzuri ghala la kazini kwao lilikuwa limefungwa, paa linatengenezwa. Baba akakaa nyumbani wiki kadhaa na tyubu ya dawa, ndevu zikaota, na ngozi iliyokuwa chini yake ikaanza kupona. Nilimwona akicheka bila kushika shavu. Mama aliacha kusema peke yake. Ilikuwa likizo tamu.

Kisha bosi akatuma ujumbe: ghala linafunguliwa Jumatatu, asiyefika nafasi yake inachukuliwa na mwingine. Na jipu kubwa lilikuwa bado halijafunga vizuri.

Jumatatu ile baba alichemsha maji kama kawaida. Akapaka povu. Akainua wembe hadi shavuni, akausimamisha hapo. Mama alisimama mlangoni akiwa na shati mkononi. Baba alijitazama kwenye kioo muda mrefu, povu likaanza kumkaukia. Mwisho aliosha uso, wembe ukiwa mkavu, akaniita.

"Neema, vaa viatu. Tunaenda pamoja."

Nilidhani ananipeleka kwa shangazi, dada yake, aliyekaa Goma karibu na kazi ya baba, na kweli nilikwenda kushinda huko. Lakini njiani alinishika mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika na kuanza kunifundisha.

"Bakikuuliza, useme jina langu lote. Useme mi ni papa yako. Usiogope."

"Mi siogope," nilimwambia, lakini nilikuwa namdanganya. Maana mimi nilijua sheria! Baba yangu alikuwa anajipeleka mpakani na ndevu za wiki tatu, mchana kweupe, na shahidi wake wa pekee nilikuwa mimi.

Tulipanga foleni kati ya wanawake wenye beseni za nyanya na karoti kichwani. Palinuka samaki, matope na manukato ya watu wa ofisini. Upande wetu, msichana wa dirishani alichukua kadi, akatazama kidogo, akamwamkia, mwaramutse papa, akairudisha. Nilitaka kuruka. Baba hakutabasamu.

"Huyo hakuangalia muzuri," alininong'oneza. "Wa ng'ambo njo anaangaliaka." Yaani wa ng'ambo ndiye huangalia kweli.

Wa ng'ambo alikuwa bwana mkubwa mwenye tumbo, aliyemfahamu baba kwa miaka na kumwita Papa Karatasi. Alipotuona alinyoosha shingo.

"Papa Karatasi! Leo karatasi iko wapi?"

Baba alimpa kadi. Yule bwana akaipokea. Akatazama kadi. Akamtazama baba. Akarudi kwenye kadi, akaisogeza karibu na macho, akaiinua mpaka ikawa kando ya uso wa baba. Nilikuwa nimemshika suruali na nilihisi mguu wake umekuwa mgumu. Hakuna aliyeniuliza kitu, lakini sikuweza kungoja.

"Ni papa yangu!" nilipiga kelele. "Njo yeye! Ndevu imeota tu, juu wembe ilimuletea ugonjwa! Si kosa yake!"

Foleni nzima ikageuka. Yule bwana akanitazama kutoka juu ya tumbo lake, kisha akacheka mpaka akafuta macho.

"Ee mutoto, nani amekuuliza? Papa yako, mwaka na mwaka anapitaka hapa na uso ya kuvimba, damu huku, karatasi huku. Kila siku najiambia: bon, huyu mutu hafanane na picha yake hata kidogo, lakini kwa vile namujua, apite." Akamrudishia baba kadi. "Leo njo siku ya kwanza naona mutu wa hii karte. Sura imerudi, papa. Pita, pita, unachelewa kazi."

Tukapita.

Jamani, sijui niwaelezeje ule wepesi. Nilitembea kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Nilikuwa nimevusha ndevu! Nilitaka kumwambia kila mtu, hasa wale maskini wa sokoni, kwamba inawezekana, mradi uwe na mtoto wa kukusemea.

Lakini baba hakwenda mbali. Tulipoacha kizuizi nyuma, akakaa juu ya jiwe kando ya ukuta, na shati lake jeupe, karibu na mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi. Akaweka viganja viwili mashavuni. Akavishusha taratibu mpaka kidevuni, akavirudisha juu, akavishusha tena. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Papa, inakuuma?"

"Hapana, mama," alisema. Baba aliniita mama akiwa na furaha. "Haiumi. Iko yote."

Sikuelewa, na sikujali. Nilidhani anazungumzia dawa ya muuguzi. Akasimama, akaninunulia ndizi, akawahi kazini. Wembe haukurudi tena usoni mwake. Alipunguza ndevu kwa mkasi, basi. Kola zilibaki nyeupe. Baadaye vitambulisho vilipobadilishwa alikwenda kupigwa picha na ndevu zake, akarudi akijisifu kwamba sasa hata mama akitaka anyoe haiwezekani, karte imekataa.

Miaka mingi ilipita. Mwaka nilioposwa nilikuwa Goma kwa shangazi, tunachambua sombe, majani ya muhogo, tukizungumza waume na tabia zao, nami nikamsimulia kisa hiki ili acheke. Nilikuwa nimeshakisimulia kwa watu wengi, kila mara kinachekesha. Shangazi hakucheka. Aliweka majani chini.

"Kumbe hawajakuambia," alisema.

Akaniambia. Kabla baba hajarudi Rwanda, yeye na baba mkubwa wakiwa vijana, walisafiri pamoja njia ya milimani, wakakuta kizuizi cha watu wenye bunduki. Kadi ya baba mkubwa ilikuwa na picha ya uso mtupu, na yeye alikuwa amefuga ndevu nzuri alizojivunia. Wakasema kadi si yake. Akaapa kuwa ni yake. Basi, wakasema, tutaona. Wakampigisha magoti barabarani, wakamnyoa kwa kipande cha wembe, kavu, bila tone la maji, huku mmoja wao akishikilia kadi kando ya uso wake na wengine wakicheka. Baba alisimama pale akitazama, bunduki ikiwa mgongoni mwake. Walipomaliza, yule wa kadi alisema, "Ah, kumbe ni wewe. Pita."

"Ule mustari kwenye kidevu," shangazi alisema, "njo ya siku ile. Na tangu siku ile hajakanyaga kizuizi chochote. Papa yako alikuwa na watoto wa kulisha, alilazimika kuvuka. Donc akajinyoa mwenyewe."

Nilishindwa kuendelea na sombe. Nilikuwa naona ule ua wetu, povu, jicho moja limefumbwa. Miaka yote ile nilidhani baba alikuwa anaitii picha. Kumbe kila asubuhi alikuwa anauwahi mkono wa mtu mwingine: akate yeye, kwa maji ya moto na sabuni yenye harufu nzuri, nyumbani kwake, kabla hajatokea wa kumkata. Na siku ile kwenye jiwe, alipokuwa akijipapasa, alikuwa anahakikisha. Kadi ilikuwa imeinuliwa kando ya uso wake kama kwa kaka yake, na uso haukuguswa. Iko yote.

Nilimlilia siku ile, sikatai. Lakini zaidi nilishusha pumzi kwa niaba yake, na mpaka leo nikisikia wembe unagongwa kwenye beseni nashusha pumzi tena.

Baba bado yupo. Ndevu zimekuwa nyeupe, naye anazitunza kuliko mama alivyotunza kola. Wiki iliyopita alikuja kututembelea, akasinzia kwenye kiti baada ya chakula, na binti yangu mdogo, ambaye hajafikisha miaka miwili, akampanda mapajani, akazishika ndevu kwa mikono miwili na kuzivuta kwa nguvu zake zote. Niliinuka haraka kumwondoa. Baba alifungua jicho moja, akanizuia kwa kiganja.

"Muache," alisema. "Vuta, mama. Iko yote."