Kona Aliyogeukia Bibi

Ipo asubuhi moja ya Iringa ambayo nikiikumbuka viganja vyangu bado vinatoka jasho. Mwanangu, nakuita hivyo ingawa ndevu zangu hazijafika kidevuni na chuo nimekimaliza juzi tu. Lakini ninyi wa klabu ya sayansi mmeanza kuniita mzee, na mlezi wenu ameniomba niwaandikie neno kabla hamjapanda basi kwenda mashindanoni. Mtu akiitwa mzee, aitike. Maneno haya nimeyaandika na kuyafuta mara nyingi. Mnisamehe, ndivyo nilivyoumbwa.

Mwaka wetu tulitoka Mbeya kwenda mashindanoni Iringa tukiwa wanafunzi watatu, Atupele, Kulwa na mimi, pamoja na mwalimu wetu. Tulikuwa tumetengeneza setilaiti ndogo inayoenea ndani ya kopo la soda. Droni ingeipandisha juu na kuiachia, nayo ingeshuka kwa parachuti huku ikitutumia vipimo vya joto na mgandamizo wa hewa. Ingerushwa mara moja tu. Parachuti isipofunguka, kazi yetu ya miezi mingi ingekuwa takataka uwanjani. Na parachuti niliishona mimi.

Hapo ndipo usingizi wangu ulipoishia. Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami niliipenda methali hiyo kupita kiasi, hata nikawa naona nyufa kwenye ukuta uliopigwa lipu jana. Basi liliposimama Nyololo, wenzangu wakinunua mahindi ya kuchoma, mimi niliomba begi lenye parachuti nikague mafundo. Atupele alilipakata begi kama mtoto mchanga.

"Ulikagua Makambako," alisema.

"Huyu siku ya harusi yake atarudi kanisani kuuliza kama kweli ameoa," Kulwa akadakia, mdomo umejaa mahindi. Basi zima likacheka, hata kondakta.

Tulilala Mlandege, pale Iringa mjini, kwa bibi yake Atupele, mzaa mama, Mhehe wa maneno machache. Asubuhi alitupa uji, akajifunga kitenge kingine juu ya kile alichovaa, akatusindikiza. Alikuwa na desturi yake: msafiri humsindikiza mpaka kona ya mashine ya kusaga, humwombea, kisha hugeuka na kurudi bila kutazama nyuma. Alitushika vichwa mmoja mmoja. "Mungu awatangulie," akasema, akageuka.

Hatukuwa tumefika mbali nilipoanza kulifikiria fundo la katikati ya parachuti. Vipi kama baridi ya Iringa imeulegeza uzi? Niliwaambia wenzangu wanisubiri, nikakimbia kurudi.

"Hodi, Bibi! Naomba sindano na uzi."

Mlango ulifunguka kidogo tu. "Nani?"

"Ni mimi, Bibi."

"Wewe nimekusindikiza. Niliyemsindikiza hayupo hapa."

Nilisimama pale kama mzigo uliosahauliwa stendi. Alinitazama, akatoka, akanionyesha kizingiti. "Keti. Aliyerudi njiani haondoki bila kuketi. Uzi umekatika?"

"Haujakatika."

"Umelegea?"

"Haujalegea, Bibi. Lakini unaweza kulegea."

"Unaweza!" Alicheka mpaka akashika kiuno. "Hata mimi naweza kufa leo, lakini maharage nimeyabandika."

Kisha akaketi kando yangu, sauti ikashuka. Aliniambia kuhusu mwanawe wa kwanza alipokwenda kuanza kazi kiwandani Mgololo. Alimsindikiza mpaka kona ileile. Alipogeuka, moyo ukamwambia arudi amfuate: sweta ameliweka? Viazi vimetosha? Miguu ilitaka kukimbia.

"Ningemfuata, baba, ningefika naye Mgololo. Ningemfungia na vifungo vya sweta mbele ya bosi wake. Sasa hapo nani angekuwa ameanza kazi, yeye au mimi? Sweta nililifuma vizuri likiwa mikononi mwangu. Baada ya kona, ni lake na Mungu. Kusindikiza si kufuata. Nenda, wenzako wanapigwa baridi. Na sikusindikizi tena, ya kwanza inatosha."

Niliondoka bila sindano. Wenzangu walikuwa bado wananisubiri, na kwa hilo nawashukuru mpaka leo.

Uwanjani palichorwa mstari wa chokaa. Hapo kila timu ilikabidhi kifaa chake kwa waamuzi. Atupele alinipa kopo letu. "Likabidhi wewe," alisema, na nikajua ananipa pia nafasi ya kulifungua nikitaka. Kidole gumba kilikuwa tayari juu ya mfuniko. Nikaukumbuka mlango uliofunguliwa nusu. Nikalikabidhi, nikageuka, nikaondoka bila kutazama nyuma.

"Hutazami?" Kulwa aliuliza.

"Nitaambiwa."

Atupele alikuwa anasoma namba kwenye kompyuta kwa sauti. Zikaja, zikaja, kisha zikaganda. Halafu Kulwa akapiga kelele, "Imefunguka! Wee, imefunguka!" na Atupele akaanza tena kusoma, akilia. Nikageuka sasa. Ilikuwa inashuka ikiyumba kama jani la mkaratusi. Kulwa, aliyekulia Usangu akifuatilia ndama waliopotea, ndiye aliyeikuta majanini. Ilikuwa nzima.

Kombe walichukua wengine, na walistahili. Tuliporudi Mlandege, Bibi aliuliza jambo moja tu, "Kopo limefika?"

"Limefika, Bibi. Uzi haukukatika."

"Na maharage yameiva. Naweni mikono."

Sijawahi kula maharage matamu kama yale.

Bado nawaza sana. Nilipotuma maombi ya kazi mwezi huu nilitaka kuyafuata mpaka mezani kwa watu. Lakini sasa, kabla ya kuanza jambo, najichagulia kona, na nikifika hapo najitahidi kugeuka. Namshukuru Bibi aliyenifungulia mlango nusu. Namshukuru Atupele aliyelipakata begi, na Kulwa kwa kicheko chake, maana mcheshi naye ni tabibu.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kazi ikiwa mikononi mwako, ifanye kwa moyo wote. Shona, fungua, shona tena, usione aibu kurudia. Lakini jua mapema kona yako iko wapi. Ukifika hapo, mkabidhi mwenzako na umwamini, kwa kuwa kitu usichokiachia hakiwezi kuruka. Na anayerudi kwako na wasiwasi, usimfukuze. Mkalishe kizingitini kwanza.

Nilitamani kupanda basi pamoja nanyi, nikague mafundo yenu njia nzima. Sitapanda. Mungu awatangulie, awape anga jeupe na upepo wa huruma, na mrudi mkiwa mnapendana. Nendeni salama. Kona yangu ni hapa.